Pumzi Iliyobaki mu Chupa

Mtanisamehe mapema, kwa sababu hadithi hii nitaisimulia vibaya. Si unyenyekevu. Unyenyekevu mama yangu alijaribu kuninywesha nikiwa mdogo, nikautema kwenye kitenge chake. Ni pumzi. Pumzi yangu siku hizi ni fupi. Zamani, jukwaani, niliweza kumtukana mtu kuanzia mtaa wa Katuba mpaka wa Kampemba bila kuvuta hewa, na watu wakaomba nirudi naye kwa miguu. Leo nikifika katikati ya sentensi tamu inanibidi nisimame, nimeze, ndipo niendelee. Mkiona fasi, mahali fulani, nimekatika, msiseme ni ufundi. Vumilieni.

Ilianza na kitu kidogo: alama ya mkono.

Asubuhi moja, mwezi wa mvua, Donat alifungua hangari yake akakuta mkono wa mtu umechorwa kwa maji kwenye ubavu wa mashua. Vidole juu, kiganja chini, na chini ya kiganja michirizi mirefu, kama mkono ulioshika kitu ukateleza. Mashua yenyewe ilikuwa juu ya remorki, tela lake la magurudumu, ndani ya hangari iliyofungwa kwa makufuli, Bel-Air, Lubumbashi, ambako maji yenye kina kuliko yote ni yale ya ndoo, na bomba lilikuwa limekauka tangu Jumapili.

Donat alipangusa ule mkono kwa kitambaa. Akasema ni ukungu. Mtu akiwa na kazi nyingi, kila kitu ni ukungu.

Tumjue kwanza. Donat alikuwa sudere, fundi wa kuunga chuma, mtoto wa mtu wa reli. Kazi yake tangu ujana ilikuwa moja tu: kuzuia watu wasiingie. Alitengeneza milango ya parsele, yaani viwanja vya nyumba, vyuma vya madirisha ambavyo sisi tunaita antivole, na ile miiba inayopandwa juu ya ukuta. Watu wa Bel-Air walisema mwizi akiona kazi ya Donat, anaokoka. Hangari yake mwenyewe, nyuma ya nyumba, ilikuwa na mlango mmoja wa chuma na dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa na antivole nene kiasi kwamba hata hewa iliingia imeinama.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyepewa mashua. Aliyempa ni madame Claudine, mwalimu wa chuo kikuu cha Kasapa anayefundisha mambo ya samaki. Alikuwa amepata mashua ndogo ya motere, ya bati gumu, akataka iandaliwe kwa kazi ya kuzamia katika ziwa Moero: mtu avae chupa ya hewa mgongoni, ashuke, akaangalie samaki wanavyozaa.

“Nataka benchi mbili,” alisema, akizunguka mashua na viatu vyake vya mjini. “Bizimba bya kushika ma chupa, yasibiringike. Mlingoti wa bendera, bantu bajue chini iko muntu. Na ngazi, papa Donat. Ngazi ya inje, inayoshuka mpaka mu mayi.”

“Ngazi ya inje?” Donat alishtuka kama aliyeambiwa aache mlango wazi. “Madame, mwizi atapanda.”

“Mwizi wa katikati ya ziwa?”

“Mwizi iko fasi yote, madame.”

Claudine alicheka. Donat hakucheka. Alifanya benchi, akafanya vizimba, akafanya mlingoti, na ngazi akaiacha iwe ya mwisho. Kila alipochukua chuma ili aanze ngazi, mkono wake wenyewe ulitengeneza kitu kingine.

Alikuwa na mwenzake wa kutafuta vitu, Mardochée, mtu wa Kasai, mwembamba, aliyemwita Donat yaya, yaani kaka, na aliyevaa kravate, tai ya shingoni, hata katikati ya cheche za moto. Ukimwomba Mardochée jino la mamba, atakuuliza la juu ama la chini. Claudine alimwambia atafute chupa moja kuukuu ya kupimia vizimba. “Ya kupima tu,” alisema. “Za kupumua nitaleta miye mwenyewe. Ile musiitie mu kinywa.”

Mardochée aliitoa katika vyuma vya sokoni: chupa nzito, imepakwa rangi ya manjano mpya, na mpira wake, na kile kitu cha kuuma mdomoni, na kisaa kidogo cha kuonyesha hewa. Mshale wa kisaa ulikuwa katikati.

“Yaya Donat, angalia! Iko na hewa bado. Nusu nzima!”

“Hewa ya nani?”

“Hewa ni hewa, yaya. Hewa iko na kabila?”

Akafungua koki, akauma kile kitu, akavuta. Akaanza kutembea hangarini akipiga viatu chini kama bata, kravate imetupwa begani, macho yametoka. Donat alicheka mpaka akashika ukuta. Na kwa vile Mardochée alimwambia mtoto wa reli anaogopa mpira, yeye pia akauma, akavuta mara moja.

Hewa ilikuwa baridi. Ilikuwa na ladha ya senti iliyolala matopeni. Na mwishoni mwake, kule ndani kabisa, kulikuwa na kitu kama neno ambalo mtu ameanza kulisema akakatizwa.

Donat alitema mate. “Funga. Haiko muzuri.” Wakafunga koki, wakaweka chupa kwenye kizimba ndani ya mashua, wakaenda kula bukari, ugali wetu, mlango umeegeshwa tu. Nyuma yao alipita jirani mmoja mnene, mtu wa teatre, aliyekuja kuazima koleo. Hakukuta mtu, akachukua koleo, akaenda zake. Huyo tumwache, hana kazi katika hadithi hii.

Kesho yake ndipo ule mkono ulionekana.

Siku iliyofuata haikuwa mkono mmoja. Ilikuwa mikono kuzunguka mashua yote, kushoto, kulia, mbele, nyuma, mibichi, mingine juu ya mingine, yote ikiishia chini kidogo ya ukingo, na yote kwa upande wa nje. Ndani ya mashua, hata tone. Na harufu: ile harufu ya mashimo ya zamani ya migodi yaliyojaa maji, matope na shaba, kijani kwenye pua.

Fundi mwingine angeita padri. Donat aliangalia alama kwa jicho la kazi yake, akaona jambo moja tu: kuna mtu anataka kuingia. Basi akafanya alichojua. Akakata bati laini, akaliunga juu ya ukingo kuzunguka mashua yote, akalisugua mpaka likang'aa, pasibaki hata fasi ya kushika ukucha.

“Apande sasa,” alisema.

Siku hiyohiyo Mardochée akaanza kukohoa.

Alikohoa maji. Si makohozi, maji, kijiko kizima, yenye rangi ya kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Walimpiga picha ya kifua, kifua safi. Walimpa dawa, akazikohoa pamoja na maji yake. Akiwa nyumbani hakuweza kulala chali, hakuweza kulala ubavu, aliketi kitandani akivuta hewa kama mtu anayevuta kamba iliyofungwa kwenye jiwe. Fasi moja tu ndiyo alipumua: hangarini, karibu na ile chupa. Hapo kifua kilifunguka kidogo. Kwa hiyo alirudi, akatandika kipande cha katoni sakafuni, chini ya mashua, akalala hapo na kravate yake, na chupa kando ya kichwa.

Donat ndiye aliyegundua mambo ya mshale. Koki ilikuwa imefungwa, aliikaza mwenyewe. Lakini kila Mardochée alipovuta pumzi, mshale ulitetemeka, ukashuka kidogo. Ulikuwa umeacha katikati, ukielekea kwenye alama nyekundu, na baada ya nyekundu kuna sifuri.

“Yaya,” Mardochée alisema kwa sauti ndogo, “ikiisha?”

Donat aliikaza koki tena. Alitoka nje, akamwambia mke wake.

Virginie hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliingia, akainama juu ya chupa, akaona rangi ya manjano imevimba malengelenge kama ngozi iliyoungua. Akakwaruza kwa ukucha. Chini ya rangi kulikuwa na herufi zilizochongwa kwa msumari: KUNDA.

“Papa Syntiche,” alimwita mume wake kwa jina la binti yao, kama alivyofanya akiwa na hofu, “hii chupa iko na mwenyewe.” Akachukua mwavuli, akaenda sokoni kuuliza.

Alipoondoka tu, mvua ikaanguka.

Mnajua mvua yetu. Haiombi ruhusa. Mchana ukawa na rangi ya jivu, mabati ya hangari yakapiga ngoma mpaka mtu hasikii mawazo yake, taa ikafumba, ikafumbua, ikafa. Donat alisema tutoke, twende ndani ya nyumba. Akamshika Mardochée kwapani, akamkokota mpaka mlangoni, akavuta komeo, akasukuma.

Mlango haukuenda.

Alisukuma kwa bega. Mlango ulikubali kidogo, upana wa kidole, kisha ukarudi polepole, bila sauti, kama kitu kizito na laini kilikuwa kimeegemea upande wa pili, si mtu, si gari, kitu kisicho na mwisho. Masikio yakamuuma. Alimeza mate, masikio yakapiga pa! na mvua ikawa mbali, mbali sana, juu, kama inanyesha juu ya maji na yeye yuko chini yake.

“Yaya, juu ya nini haufungule?”

“Nafungula!”

Akaenda dirishani. Akashika antivole kwa mikono miwili, akavuta, akatikisa, akaning'inia. Chuma hakikusema hata neno. Kwa mara ya kwanza maishani Donat alikuwa anaangalia kazi yake kutoka upande wa mwizi, na ilikuwa kazi nzuri, nzuri ya kuliza.

Ndipo wakasikia: to. To. Toto. Kwenye ubavu wa mashua.

Mardochée alitambaa, akaanguka kwenye katoni yake chini ya mashua, na Donat akaanguka naye, kwa sababu hewa ilikuwa pale tu karibu na chupa, hata yeye sasa aliisikia, pale ilikuwepo na kwingine haikuwepo, na alipogeuza uso wake kuangalia juu aliona tumbo la mashua likiwa juu yao jeusi, na kando yake mwanga wa mabati ukicheza cheza kama unavyocheza ukiuangalia kutoka ndani ya maji, na kravate ya Mardochée ikainuka kutoka kifuani mwake, polepole, ikasimama wima hewani ikiyumba kama jani la mtoni, na Donat alitaka kucheka, naapa alitaka kucheka, lakini katika upenyo kati ya gurudumu la remorki na ubavu wa mashua aliona miguu.

Miguu miwili, mitupu, myeupe kwa kulowa, imening'inia kutoka juu. Haikugusa sakafu. Ilikuwa inapiga, mmoja, halafu mwingine, taratibu, bila nguvu, kama miguu ya mtu aliyeshika ukingo wa mashua kwa vidole na amechoka, na kila ilipopiga, kule juu vidole viliteleza kwenye bati laini alilolisugua Donat kwa mikono yake mwenyewe, kriiii, na mwili ukashuka, na miguu ikapiga tena, ikahamia upande mwingine, ikajaribu pale, kriiii, ikahamia nyuma, ikazunguka, ikazunguka, na mashua haikuwa na fasi, kwa sababu Donat wa Bel-Air hakuacha fasi, na kila mzunguko Mardochée alivuta pumzi moja, na kila pumzi mshale ulishuka, ukagusa nyekundu, ukaingia ndani ya nyekundu.

“Papa Syntiche!”

Sauti ya Virginie. Ilikuwa kwenye dirisha, lakini ilimfikia kama inatoka kwenye kisima. Donat alitambaa kwa magoti, tumbo chini, akiizunguka ile miguu. Nje ya antivole alikuwa mke wake, amelowa, na nyuma yake majirani watatu wanne waliokuwa wamejaribu kuvuta mlango wakashindwa, na yule mnene na mwavuli wake, na mbele ya wote mama mmoja mfupi, mpana, aliyenuka samaki mkavu kuliko ziwa zima.

“Ni mama Mapalo,” Virginie alisema. “Anamujua Kunda.”

“Namujua!” Mama Mapalo aliingiza pua kati ya vyuma. “Alikuwaka anazamia mu shimo moja ya mayi, kule kwa migodi, kutosha ma pompi yenye kukwama. Siku moja akamaliza kazi, akapanda yulu, juu ya mayi. Mwenzake wa mu bwato alikimbiaka radi, anajificha ku inchi kavu. Kunda akavula chupa, akaitupia ndani ya bwato, apate wepesi wa kupanda. Njo vile banafanyaka, chupa mbele, muntu nyuma. Chupa ikaingia. Yeye hakuingia. Bwato ilikuwa na kuta ndefu, laini, hapana ngazi. Asubuhi banakuta chupa ndani, na nusu ya pumuzi yake. Yeye, mpaka leo, hata kidole habayaona.”

“Mama, siye tulivuta ile hewa.”

“Mayo! Ju ya nini?”

“Mardochée alisema hewa haina kabila.”

“Iko nayo! Ile ni hewa ya bantu ba Samaki!” Akamwangalia Donat juu chini. “Na hii bwato yako. Iko na ngazi?”

Donat alifunga macho. “Hapana.”

“Basi muwekee ngazi, baba. Apande. Anatafuta pumuzi yake, na pumuzi iko mu kifua ya mwenzako. Akikosa kupanda, atakuja kuitosha kule kwa mikono.”

“Courant hakuna, taa imekufa! Nitaunga na nini?”

Virginie alinyoosha mkono kupitia vyuma, akaonyesha ukutani. Pale, imeegemea, ilikuwa antivole mpya kabisa, ya dirisha refu la tajiri mmoja, imemalizika, inangoja kuchukuliwa: vyuma vya kulala, kimoja juu ya kingine, na ua la chuma katikati kwa ajili ya urembo.

Donat alielewa. Na alipoelewa, alibaki palepale kwenye magoti. Maana kuichukua ilibidi asimame, aibebe kupita kati ya hangari, aitundike kwenye ukingo, palepale penye ile miguu. Maisha yake yote alilipwa amzuie mtu kuingia. Sasa amfungulie huyu.

Nyuma yake Mardochée alivuta pumzi, ikakatika nusu. Midomo ilikuwa ya bluu. Alikuwa anamwangalia Donat, na badala ya kusema yaya aligonga sakafu kwa kidole, to, to, kama yule wa juu.

Donat aliinuka. Kila hatua ilikuwa nzito kama ya mtu anayetembea mtoni, suruali yake ikivutwa nyuma, na ile antivole, ambayo asubuhi waliibeba watu wawili, sasa ilikuwa nyepesi mikononi mwake kama chuma kilivyo chini ya maji. Hakuangalia pembeni. Alijua yuko pembeni. Alisikia baridi yake kwenye shavu, na harufu ya kijani, na kitu kama nywele kikampitia mkononi kikarudi. Aliiinua, akaangika masikio yake ya juu, vile vyuma vya kufungia ukutani, kwenye ukingo, akafunga waya kwa vidole visivyosikia, na akasema, kwa sauti ya mtu anayempokea mgeni asiyemtaka, neno ambalo hakuwahi kumwambia hata shemeji:

“Karibu.”

Kimya. Hata mvua.

Kisha chuma cha chini kabisa kikalia. Kikaloa. Cha pili kikalia, kikaloa. Lile ua la chuma likapinda kidogo, kama limekanyagwa na mtu anayeomba radhi. Mashua ikainama upande wa ngazi, springi za remorki zikashuka, Donat akashika mdomo wake mwenyewe ili asipige kelele, mashua ikarudi sawa, na benchi ya nyuma, ile aliyoiunga Jumatatu, ikafanya kriik. Mtu ameketi.

Na hapo, jamani, mama Mapalo akaangua kicheko.

Kwa wasiojua: kwetu ukoo wa Mamba na ukoo wa Samaki ni banungwe, watani. Matanga ya mmoja hayafungwi mpaka mwingine aje amtukane marehemu mbele ya maiti, amnyang'anye kofia, awachekeshe wafiwa machozi yakiwa bado mashavuni. Maiti asiyetukanwa na banungwe wake hajazikwa, amewekwa tu. Na Kunda, kwa kuwa mwili haukuonekana, hakuwahi kutukanwa na mtu.

“Weye Kunda!” mama Mapalo alipiga kelele, akitikisa antivole. “Samaki mwenye kuzama! Ulisikiaka fasi gani samaki anakufa mu mayi? Siye bantu ba Mamba tuliona haya pa fasi yenu! Samaki gani anatupa mapafu yake ndani ya bwato, yeye anabakia inje kama muntu mwenye kusahau fungulo? Miye nilijitayarishaka kukucheka, nilivaa kitenge ya mupya, ukaninyima maiti! Kitenge ikapauka, Kunda! Mukia yako ilikuwa fasi gani? Uliazimisha?”

Ndani ya mashua kitu kilitoa sauti. Mapovu, bulu, bulu. Huenda ni kilio. Huenda si kilio.

“Hamucheke!” Mama Mapalo aliwageukia walio nje. “Mucheke, mwamuzika na nini, na sura za polisi?”

Basi wakacheka. Virginie alicheka huku meno yakigongana. Majirani walicheka kama watu wanaokohoa. Donat alicheka, hah, hah, kama mlango mbovu.

“Sasa mumurudishie mali yake. Wote benye kuvuta. Mupumue mu chupa, mpaka mwisho!”

Donat alimwinua Mardochée, akamtia kile kitu mdomoni. Mardochée hakuwa na cha kupumua, lakini alitoa, alitoa kutoka kwenye visigino, maji ya kijani na hewa na kitu kirefu kisichoonekana ambacho kiliufanya mpira wa chupa uvimbe kama koo linalomeza. Kisha Donat akachukua, akatoa yake. Na ile nusu ya neno aliyoivuta siku ya kwanza, ilipomtoka, aliisikia nzima. Ilikuwa “ngazi”.

“Ni nani tena?” mama Mapalo aliuliza.

Watu wakaangaliana.

“Ni nani tena alitia kinywa? Museme, hata mara moja tu!”

Kimya.

“Nauliza mara ya mwisho! Pumuzi ya Samaki haigawanyike!”

Mwavuli mmoja ukashuka kidogo. Mama Mapalo akaguna, akasema fungula koki. Donat akafungua. Hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, baridi, ikapita juu ya vichwa vyao, ikapita kati ya vyuma vya dirisha ambavyo hata mwizi mwembamba hakuwahi kupita, na mshale ukalala kwenye sifuri. Kravate ya Mardochée ikaanguka kifuani. Mardochée akavuta hewa, hewa ya Bel-Air, ya moshi wa makaa na mfereji, akaivuta tena, akaanza kulia kwa utamu wake. Mlango ulifunguka wenyewe. Nje kulikuwa na mvua tu, na matope, na kuku mmoja aliyekuwa amelowa vibaya.

Waliizika ile chupa makaburini, ndani ya sanduku, kama mtu. Watu wa Mamba walikuja wengi, wakaimba matusi, wakaiba kofia ya mjomba wa Kunda, wakamcheka marehemu mpaka mjane wake akacheka naye. Mardochée alilala chali usiku huo, akakoroma, na mke wake hakumwamsha. Donat aling'oa lile bati laini kuzunguka ukingo wote. Madame Claudine alipokuja kuchukua mashua yake alizunguka, akasimama nyuma, akainamisha kichwa.

“Papa Donat, hii ngazi iko na ua katikati.”

“Ndiyo, madame. Isitoshwe, ikae palepale.”

Madame amezamia Moero, amepanda, amerudi mzima. Anasema ngazi inalia kidogo mtu akiikanyaga, lakini ni imara.

Sasa mnatafuta wa kumlaumu. Mardochée alivuta hewa ya watu, lakini aliirudisha. Donat pia. Mama Mapalo aliuliza vizuri, kwa sauti ya sokoni, mpaka radi ilisikia. Mwenye kosa ni yule jirani mnene aliyesimama dirishani na mwavuli, koleo la Donat likiwa bado mfukoni mwake. Maana siku ile alipokuta hangari haina mtu, hakuchukua koleo peke yake. Aliiona chupa, akaona kipande cha kioo ukutani, akafungua koki, akauma kile kitu ili ajitazame akiwa mzamiaji, akavuta mara moja, kubwa, ya kisanii, na hapakuwa hata mtu wa kumpigia makofi. Mama Mapalo alipouliza ni nani tena, mtu huyo, ambaye maisha yake yote anaomba watu wamtazame, alijificha chini ya mwavuli. Aliona haya.

Niliwaambia hana kazi katika hadithi hii. Anayo. Mvua ikinyesha analala ameketi, na asubuhi mke wake anapangusa alama za mikono kwenye ubavu wa kitanda, upande wa nje. Amefikiria kumwomba Donat ngazi, lakini mke anasema kitanda chenyewe ni kidogo, watatu hawaenei.

Basi ndiyo hiyo. Na ule msamaha niliouomba mwanzoni, juu ya pumzi yangu fupi, nawarudishia, nilidanganya. Si yangu.